Jawabu kwa Niaba ya Waislamu

Kwa miaka miwili na ushei nilikuwa Mwislamu wa ofisi yetu pale Kibondo. Nasema wa ofisi kwa sababu nje ya lango sikuwa Mwislamu hata kidogo. Nilibatizwa kichanga katika vilima vya Muheza, nikakua nikibeba chetezo cha ubani kanisani, na hadi leo nikiingia kanisa lisilofukizwa naona kama nimeingia darasani. Kusilimu sikusilimu. Shangazi yangu mmoja alisilimu alipoolewa, na pilau yake ilinitia majaribuni kila mwaka, lakini mambo yaliishia kwenye sahani. Uislamu wangu wa Kibondo ulikuwa wa kiserikali. Ulifanyika saa za kazi na uliwekwa kwenye faili.

Nilifika mwanzoni mwa miaka ya sabini kushika kiti cha karani wa masjala, yaani yule mtu anayekaa na mafaili yote ya idara na kujua lipi liko mezani kwa nani. Aliyenitangulia alikuwa mtu wa Tabora, Mwislamu kwelikweli, amehamishwa mwezi mmoja kabla. Nilisafiri kwa gari moshi mpaka Kigoma, kisha kwa lori la mizigo kupitia Kasulu, na sanduku langu la nguo likabaki stesheni kwa sababu ambazo stesheni yenyewe haikuzijua. Kwa hiyo niliripoti kazini nikiwa na kanzu. Kwetu Muheza kanzu ni vazi la mwanamume yeyote mwenye adabu zake. Babu yangu alikuwa mzee wa kanisa na alizikwa nayo. Sikujua kwamba huku Buha, nchi ya Waha, kanzu ina dini.

Halafu kulikuwa na tumbo. Maji ya njiani yalinivuruga, na siku tatu za kwanza sikuweza kuona chai bila kutafuta mlango. Mpiga chapa wetu, mama mmoja wa Kisukuma mwenye huruma ya kupita kiasi, alinijia na kikombe saa nne asubuhi. Nikamwambia, "Hapana dada, ahsante, mimi sitakunywa." Akakitazama kikombe, akaitazama kanzu, akakiondoa haraka huku akiniomba radhi. Sikuelewa radhi ya nini. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Ramadhani, jambo ambalo mtu mwenye tumbo kama langu halikumbuki kwa urahisi.

Mkuu wetu wa kazi, mtu wa Kilimanjaro, alikuwa mpenda utaratibu. Alikuwa amebuni, kwa kichwa chake mwenyewe, kitu kilichoitwa Salamu za Sikukuu. Sikukuu ya dini ikikaribia, watumishi wote walikusanyika barazani saa nne, yeye akasoma salamu ya kuwatakia heri wenye sikukuu yao, mmoja wa hao wenye sikukuu akajibu kwa niaba ya wenzake, kisha ikafuata chai na maandazi. Salamu na jawabu viliingizwa kwenye faili. Karatasi ya salamu ilikuwa moja kwa dini zote. Mpiga chapa alibadilisha jina la sikukuu tu, na yote yaliyobaki, umoja, nidhamu na bidii ya kilimo, yaliifaa Idi na kuifaa Pasaka bila kuguswa. Kwamba siku ya kuamkia Idi wenye sikukuu wangali wamefunga, na chai ile wataitazama tu, hilo halikuwa kwenye utaratibu.

Siku yangu ya tatu kazini ndiyo ilikuwa siku ya salamu. Mkuu akasoma. Nilisimama nyuma, nimejishika tumbo, nikijiuliza ni nani katika wale watu kumi na wawili aliye Mwislamu, nimpe mkono. Mkuu akamaliza, akakunja karatasi, akaniangalia mimi. Wote wakageuka wakaniangalia mimi.

Nimeirudia dakika ile kichwani mara nyingi kuliko ninavyosali. Lililotakiwa ni sentensi moja fupi. Lakini nilikuwa mgeni, kazi yangu ilikuwa ya majaribio, mkuu alikuwa anatabasamu, na mpiga chapa alikwishaanza kupiga makofi. Nikapita mbele. Nilikuwa nimeishi na shangazi yangu vya kutosha kujua namna watu wake wanavyosema, nikatoa salamu yao, nikamshukuru mkuu, nikawatakia wote baraka za mwezi na mavuno mema. Dakika tatu. Makofi yakawa mengi, na mkuu akanishika mkono kwa mikono yake miwili akisema ofisi imepata mtu. Nikajiambia nitamweleza wiki ijayo, tukiwa wawili.

Wiki ijayo ikaja na kupita, kama zinavyofanya. Ikaja Idi el Hajj, nikajibu. Ikaja Maulidi, nikajibu. Ukweli ni kwamba nilianza kuwa hodari. Nilikuwa nikiandaa jawabu langu siku mbili kabla, nikilisoma chini chini kati ya makabati ya mafaili, na siku moja mgeni kutoka mkoani alilisikia akamwambia mkuu kwamba hajapata kuona mshikamano kama ule. Mkuu alilala na sifa ile wiki nzima. Ningewezaje kumwamsha? Hayo ndiyo niliyokuwa nikijiambia, na niliyaona ni upole. Siku hizi nayaita uoga, na hata neno hilo nalionea huruma.

Kulikuwa na bei yake. Siku za sikukuu ofisi haikufungwa kabisa, lazima mtu mmoja ashike zamu, akae na simu na daftari, aandike kila kilichotokea. Utaratibu wa mkuu ulikuwa wa haki, mtu asiweze kulalamika: siku ya Idi zamu wanashika Wakristo, siku ya Krismasi na Pasaka wanashika Waislamu. Wakristo walikuwa kumi na wawili na walipokezana. Waislamu wote walikuwa mimi. Nikakaa na simu Krismasi mbili na Pasaka mbili, nikisikia kengele ya kanisa kupitia dirisha la masjala, nikiandika kwenye daftari, "Saa nne asubuhi: hakuna jipya."

Jumapili za kawaida nilikuwa huru, lakini kanisa la mjini lilikuwa na mkuu na mpiga chapa kwenye viti vya mbele. Basi nilichukua baiskeli nikaenda kusali Kumsenga, kwenye kanisa dogo la udongo ambako hakuna mtu wa ofisi aliyefika. Nilikaa benchi la nyuma kabisa na kutoka kabla ya baraka ya mwisho. Kuna watu hujificha ili wanywe pombe. Mimi nilijificha ili niseme Baba Yetu.

Mtu mmoja alijua. Alikuwa mzee mwenye duka la nguo na mafuta ya taa, mzaliwa wa Ujiji aliyekwisha kuzeeka Kibondo, na ndiye aliyewasalisha Waislamu wa mjini imamu akisafiri. Ile Idi yangu ya kwanza alinialika kwake. Aliniacha nikae mkekani, nianze kula, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwenye swala sikukuona."

"Mzee, mimi Mkristo."

"Hilo nimeliona tangu ulipovua viatu. Kula, wali unapoa."

Kila Idi baada ya ile alinialika, na kila mara, mwishoni mwa sahani, aliniuliza kama nimekwisha kuwaambia wale wakubwa zangu. Nikisema bado, hakunigombeza. Aliwahi kuniuliza tu, "Unaona haya ya nini? Kuwa Mkristo?" Nikamwambia naogopa kuwavunjia Waislamu heshima. Akacheka mpaka akakohoa. Alisema Waislamu wa Kibondo walikuwa wanaishi vizuri kabla sijaja.

Sasa nifike pale ninapopazunguka. Kila miezi miwili mitatu nilitumwa Kasulu kupeleka mafaili, na safari moja, mwaka wangu wa pili, nilishikwa na malaria huko huko. Nikapelekwa hospitali nikitetemeka. Nesi mmoja akakaa pembeni ya kitanda na kadi, akaniuliza jina, kabila, mahali ninakotoka. Halafu akauliza, "Dini?"

Nilimtazama. Nilikuwa nimekaa katika nyanda hizi mwaka na nusu, nimejibu salamu mara nne au tano, na yeye alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza. "Mkristo," nikasema, kwa sauti iliyomwamsha mgonjwa wa kitanda cha pili. Akasema, "Ndugu, nasikia vizuri tu," akaandika. Nafikiri nilimpenda hapo, ingawa yeye alisema baadaye kwamba ilikuwa homa.

Ilipokwisha homa nikaendelea kupata sababu za kupeleka mafaili Kasulu, mengine yasiyohitajika huko. Alikuwa mwembamba, mcheshi, asiyependa maneno mengi. Tulitembea mpaka Heru Juu, kwao, kwenye mashamba ya maharage na mihogo, ambako baba yake alikuwa katekista. Nilimweleza habari ya ofisi. Alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hakucheka, akaniuliza nitaacha lini. Nikamwambia karibuni.

Nikatuma mshenga kwa baba yake. Mshenga akarudi na jibu ambalo sikulitegemea. Mzee hakuwa na neno juu ya kabila langu wala umbali wa kwetu, lakini madereva wanaopita kati ya Kibondo na Kasulu walimpa habari kwamba mchumba wa binti yake ndiye anayejibu salamu za Idi ofisini. Nikaandika nyumbani Muheza, wakanitumia cheti changu cha ubatizo, kikachukua wiki sita njiani, nikakipeleka mwenyewe Kasulu nimekifunga kwenye kitambaa. Baada ya siku kumi nikapata barua ya yule nesi. Ilikuwa fupi, na nilikaa nayo miaka mingi.

Aliandika kwamba baba amekiona cheti na hakina kasoro. Kwamba hana shaka kuwa nilibatizwa. Lakini anakuja Kibondo wiki ya Krismasi kwa shughuli ya kanisa, na atapita ofisini kwetu siku ya salamu. "Baba hataki cheti. Anataka usimame mbele ya hao watu wanaokuita hivyo, uwaambie wewe ni nani. Ukisema, tumemaliza, atatupa tarehe. Usiposema, ameniomba nisikuandikie tena, na mimi nimemkubalia. Naomba useme. Ni sentensi moja."

Mwaka ule Idi el Hajj iliangukia siku moja kabla ya Krismasi. Mkuu alifurahi kama mtu aliyeokota. Sikukuu mbili, salamu moja, wageni waalikwa. Ratiba ikapigwa chapa: kwanza salamu kwa Waislamu na jawabu lao, kisha Waislamu, kwa kuwa wao ndio wangetangulia kusherehekea, wawatakie Wakristo Krismasi njema, kisha mpiga chapa ajibu kwa niaba ya Wakristo. Pembeni ya neno Waislamu, mahali pote pawili, palikuwa na cheo changu.

Nikaenda dukani kwa mzee, nikamweleza yote, hata barua nikamsomea. Alinisikiliza akipima mafuta ya taa ya mtu. Akasema, "Vizuri sana. Utasema, mambo yatakwisha, utaoa. Mimi pia nimealikwa. Nitakuja." Nikaondoka mwepesi. Wiki nzima nilijizoeza ile sentensi masjala, nikiyaambia mafaili: "Ndugu mkuu, ndugu watumishi, mimi ni Mkristo." Mafaili yaliipokea vizuri.

Siku ikafika. Barazani viti vilipangwa, na mbele waliketi wageni. Mzee mwenye duka alikuja na joho juu ya kanzu, kitu ambacho sikuwahi kumwona nacho ila siku ya Idi yenyewe. Viti viwili kutoka kwake aliketi mzee mfupi mwenye koti la kijivu na viatu vilivyojaa vumbi la barabara ya Kasulu. Watumishi wa pale, Waha wenzake, walimwamkia wakipiga makofi taratibu, "Mwakeye," naye akaitikia kila mmoja bila haraka. Aliponifikia mimi alinipa mkono, akasema, "Mwana wanje, nimekuja," akakaa. Mwana wanje ni mwanangu. Sikustahili bado, lakini alinitangulizia.

Mkuu akasoma salamu. Umoja, nidhamu, kilimo. Alipofika mwisho aliinua macho kutoka kwenye karatasi, jambo ambalo si kawaida yake, akawageukia wageni na kusema kwamba anajivunia kumkaribisha ndugu ambaye kwa miaka hii amekuwa sauti ya Waislamu wa ofisi hii, na ambaye bila yeye sherehe hizi zisingekuwa na ladha. Makofi.

Nikasimama. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni, nzima. Nikawaona kumi na wawili wale, mpiga chapa ananitabasamia kama mama wa mtoto anayeimba shuleni. Nikamwona mzee mwenye duka na joho lake, nikafikiri: nitakataaje Uislamu mbele ya mzee huyu, siku ya kuamkia Idi yake, baada ya pilau yote ile? Lilikuwa wazo zuri sana, la kiungwana, nalo lilikuja kunisaidia wakati nilipolihitaji. Nikafungua mdomo.

"Assalaam aleikum," nikasema.

Baada ya hapo sikuwa na mahali pa kurudi. Na kwa kuwa nilikuwa na hofu, nilisema vizuri kuliko siku zote. Nilieleza kuchinja na kugawana nyama, na jirani asiye na kitu, mpaka wengine wakanyamaza kabisa. Kisha nikafika sehemu ya pili ya ratiba. Nikawageukia Wakristo, na aliyekuwa mbele yangu, hatua nne tu, alikuwa mzee wa koti la kijivu. Nikasema, "Kwa niaba ya Waislamu, nawatakia ndugu zetu Wakristo Krismasi njema."

Mzee aliinamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anavyopokea salamu ya mtu wa dini nyingine, akasema, "Ahsante, ndugu." Akapiga makofi pamoja na wenzake. Hakuinywa chai. Nilipomaliza kushikana mikono na watu alikuwa amekwisha kuondoka, akiwahi gari la kurudi Kasulu. Nilikimbia mpaka stendi, na kuna mtu aliyesema ameliona gari likipanda kilima.

Niliporudi, mzee mwenye duka alikuwa bado amekaa kitini, baraza imebaki na makombo ya maandazi. Nikakaa karibu naye. Nikamwambia sikutaka kumvunjia heshima mbele za watu.

"Mimi?" akasema. Alikuwa anakunja joho lake polepole, bega juu ya bega. "Umesema vizuri. Imamu wetu hasemi hivyo. Lakini unadhani hili joho nimelivaa la nini, kwa maandazi? Nilijua ukishasema yako, mkuu wako atabaki hana mtu wa kumjibu, ataaibika mbele ya wageni. Nilikuja nijibu mimi. Nilikuwa nangoja unipishe." Akaingiza mkono mfukoni akanionyesha karatasi aliyoiandika kwa herufi za Kiarabu, mistari mitano au sita. Nilitaka kulia, na kwa kuwa nilikuwa barazani kwa serikali, sikulia.

Ndipo, nikiwa nimechelewa kwa kila kitu, nikapata ujasiri. Nikaingia kwa mkuu, nikafunga mlango, nikamwambia. Nilisema yote, kanzu, tumbo, siku ya tatu. Nikamwomba aniondolee zamu ya Krismasi, nikapande gari la kesho yake asubuhi, nikamfuate yule mzee Heru Juu.

Mkuu hakushtuka. Alifungua kabati lake, mojawapo ya makabati machache ambayo karani wa masjala hakuwa na ufunguo wake, akatoa faili langu binafsi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa fomu niliyoijaza mwenyewe siku ya kuajiriwa. Akanigeuzia, akaweka kidole. Dini: Mkristo. Ulikuwa mwandiko wangu, mzuri, wa mtu asiye na wasiwasi.

"Tulijua," akasema. "Mimi nilijua wiki ya kwanza, faili lilipofika. Mpiga chapa alikuona Kumsenga mwaka jana, alikwenda msibani. Tukasema, huyu ndugu ana moyo wa kujitolea, tusimwaibishe."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Na wewe hukutuambia." Alisema bila ubaya. "Halafu fikiria, ndugu. Yule karani wa Tabora alihamishwa. Wewe ukiwa Mkristo, Krismasi nani ashike zamu?" Akaeleza kwamba watumishi wote wamekwisha kupata ruhusa, wengine wako njiani, yeye mwenyewe gari limejaa mafuta. Ratiba imepigwa chapa na nakala imekwenda mkoani. Aliahidi kwamba mwezi wa kwanza tutalitazama jambo hili upya kwa kikao. "Endelea nalo mpaka Januari tu," akasema, na akanipa pole, na nadhani pole ile ilikuwa ya kweli.

Miaka miwili nilidhani ninawastahi wao. Wao nao walikuwa wananistahi mimi, na wakila Krismasi yao. Sikupata hata mtu wa kumkasirikia vizuri. Ningemkasirikia nani, wakati mwandiko kwenye fomu ni wangu na jawabu kwenye faili ni langu?

Ningeweza kuondoka. Watu wameacha kazi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini mtu aliyeshindwa kusema sentensi moja barazani hawezi ghafla kuwa mtu wa kuacha simu ya serikali ikilia peke yake. Idi nilishinda chumbani, sikwenda hata kwa mzee mwenye duka, akaniletea sahani mwenyewe akaiacha mlangoni imefunikwa. Krismasi saa moja na nusu nilifungua ofisi, nikafungua daftari la zamu, nikaandika jina langu na cheo. Kengele ya kanisa ikapiga. Wakapita watu na nguo zao mpya, watoto wakavuta watoto. Mkulima mmoja mpita njia alichungulia dirishani akanionea huruma. "Poleni na kazi," akasema, "nyinyi leo si sikukuu yenu."

Saa tano na nusu simu ililia. Mtu wa swichibodi akasema ni Kasulu, hospitali, niongee haraka laini ni mbaya. Kisha nikaisikia sauti yake. Yeye pia alikuwa zamu.

"Baba amefika salama," akasema.

"Amesemaje?"

"Amesema unajua kuzungumza. Amesema hajasikia mtu akizungumza vizuri hivyo." Laini ilivuma kidogo. "Nilimwambia utasema. Asubuhi aliyoondoka, njia nzima ya kwenda stendi nilikuwa namwambia, baba, atasema, utaona."

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza habari ya joho na ya fomu na ya mkuu, nikamwambia kwamba wote walijua, kwa hiyo hata ningesema nisingekuwa nimewaambia kitu kipya. Nilisikia ninavyosema, nikanyamaza. Alingoja aone kama kuna kingine. Mtu wa swichibodi akaingia akasema dakika zimekwisha.

"Basi, ndugu," akasema. Hakuwahi kuniita ndugu tangu siku ile ya kadi. "Idi njema."

Nilikaa na mkono wa simu sikioni mpaka ulipoanza kuniuma. Nje walikuwa wanatoka kanisani. Utaratibu wa zamu ulitaka kila simu iandikwe, saa, inakotoka na inahusu nini, nami nilikuwa mtu wa utaratibu. Nikachukua kalamu nikaandika: "Saa tano na nusu asubuhi: simu moja, kutoka Kasulu. Si ya kikazi. Hakuna jipya."